Boi wa Jikoni

Juzi mjukuu wangu alikuwa akisoma kitabu chenye picha ya mtoto na mpira, chini yake pameandikwa "boy". Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mpishi wa mzungu huko Lumakanda. Mzungu alimwita "boi", nami nikadhani ni cheo, kama chifu. Basi siku mwalimu alipotuonyesha picha kama ile, bendera mpya ya uhuru nje bado ina mikunjo, nilibisha: "Huyu si boi, hana mvi!"

Alasiri baba alirudi akinukia siagi na moshi. Nikamwambia kumbe boi ni mtoto wa kiume.

"Na mtu mzima kama mimi, kwa Kizungu anaitwaje?"

"Man, baba."

Akalirudia polepole, tena na tena, kama anayeonja mchuzi.