Acha Kichwa Nje

Karakana ya useremala ya chuo kile ilikuwa na meza kumi na mbili, mashine ya randa iliyougua tangu inunuliwe, na mwalimu ambaye wanafunzi walimwita Mama Randa, kwa kuwa ulimi wake ulimkwangua kila aliyepita mbele yake.

Mbao zilikuwa adimu. Ubao ulioamka kiti ulishinda mlango, na jioni ukarudi stoo kungoja darasa jingine. Kwa hiyo Mama Randa alikuwa na amri moja isiyokauka mdomoni: "Acha kichwa nje!" Yaani msumari usizamishwe, kichwa kibaki juu, upana wa kidole, ili ung'olewe bila kupasua mbao. Aliyezamisha msumari alikiona cha moto mbele ya darasa zima. Watoto wa watu wakazoea, na mikono yao ikazoea zaidi.

Asubuhi hiyo wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa kwenye mafunzo ya vitendo, katika jengo la ghorofa tatu ng'ambo ya barabara. Walipewa kazi ya kujenga jukwaa la mbao la mafundi wa lipu kusimama juu yake. Miongoni mwao alikuwa binti wa marehemu dada wa Mama Randa, aliyemlea mwenyewe tangu ana meno mawili, msichana mwepesi asiyeogopa kimo. Jana yake alirudi nyumbani akijigamba, "Mama mdogo, kesho tunafika juu kabisa, na mimi ndiye napigilia!" Mama Randa alivimba kichwa, nami simlaumu.

Sasa alikuwa peke yake karakanani. Akapanda juu ya kistuli cha mazoezi ili afikie rafu. Mguu mmoja wa kistuli ukaachia, akajikuta chini kwenye vumbi la mbao.

"Nani kapigilia upuuzi huu?" akafoka, kana kwamba meza zingemjibu.

Akakigeuza kistuli. Misumari ilikuwa imesimama sawasawa, vichwa nje, upana wa kidole. Kazi safi kabisa. Akageuka kutazama ng'ambo ya barabara.

Aliwahi kuwaambia kwamba kwenye kazi ya kweli msumari huzamishwa? Bila shaka aliwaambia. Lini, sasa? Alitafuta hiyo siku kichwani na hakuiona. Kila seremala analijua jambo hilo, na kwa sababu hiyo hiyo yeye hakulisema hata mara moja.

Alitoka mguu niponye, aproni ikimpiga magotini, bila kufunga mlango.

Jukwaa lilikuwa limeshafika ghorofa ya tatu. Aliangalia kiungo cha kwanza, chini kabisa: vichwa nje. Cha pili, vivyo hivyo. Juu, mafundi wanne walikuwa wakipokea karai za mchanganyiko, na mbao zililia kila karai ilipotua. Msichana wake alikuwa amepanda mti wa mwisho, misumari mdomoni.

Mama Randa alitaka kupiga kelele, akaogopa hata kelele yake.

"Jamani, shukeni," alisema polepole. "Mmoja mmoja. Acheni vitu hapo hapo."

"Mama mdogo! Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kukuchukua, mwanangu. Njoo taratibu."

Walishuka. Kila mguu ulipokanyaga, msumari mmoja ulijisogeza nje kidogo, naye alihesabu pumzi zake. Binti alipogusa ardhi, alimkamata mkono kwa nguvu mpaka binti akaguna.

Msimamizi wa ujenzi akaja, jitu la miraba minne, kofia ngumu kichwani na tabasamu usoni.

"Shikamoo, mwalimu! Umenisahau? Mimi ni wa darasa lako la kwanza kabisa."

"Marahaba," alijibu.

"Sasa mbona umewashusha watu wangu? Nimelikagua mwenyewe, msumari kwa msumari. Vijana wamepigilia vile vile ulivyotufundisha sisi." Akaonyesha kidole juu ya mapaa, kwenye jengo refu lililozungushiwa mbao hadi juu. "Lile pale ni la mwenzangu wa dawati moja. Na wengine wamejaa mjini. Sote tunajenga hivi hivi, mwalimu."

Mama Randa alifuata kidole chake. Kule mbali watu wadogo walikuwa wakipandishiana karai.

"Una namba zao za simu?" aliuliza.

"Za wachache," alisema msimamizi.