Sikio Alilolificha Hamimu

Nitamsema Hamimu kwa sababu ni jirani yangu, na kwa sababu nina hasira naye, hasira ya mtu anayempenda mwenzake. Maduka yetu yako ubavu kwa ubavu hapa Buyenzi. Mimi nauza betri na nyaya za umeme, yeye vipuri vya magari ya zamani, na miaka yote ile mwenye kunyang'anywa wateja nilikuwa mimi. Mtu akija kuniulizia betri, Hamimu ataanza kumtania kutoka kule kwake, atamwuliza habari za shangazi yake na za timu yake, na kabla hujakaa sawa mtu ameondoka na pampu ya maji ambayo hakuijia. Alikuwa na mdomo, Hamimu. Hata misibani ndiye aliyepewa kazi ya kuwashukuru watu.

Kisha mdomo huohuo ukaota kidonda, nyuma kabisa, pale jino la mwisho linapoishia. Alisema ni jino tu. Akasukutua maji ya chumvi, akaendelea na sigara zake, nasi tukaendelea kucheka naye. Ilipojulikana kuwa ni saratani, ndugu wakampeleka Dar es Salaam. Akakatwa kipande cha ufizi na mfupa, akapigwa mionzi, akarudi amekonda, shavu la kushoto limebonyea. Lakini alirudi mzima, tukachinja mbuzi.

Wengi hawajui, na mimi sikujua mpaka nilipoona kwake, kwamba ugonjwa ukishatoka taya linabaki na mambo yake. Nyama iliyokatwa na kupigwa mionzi hukaza. Mtu mzima anaweza kuingiza vidole vitatu kati ya meno yake. Hamimu alipitisha kimoja kwa shida. Mkewe, Mwanvua, alimkatia chapati vipande vidogovidogo na kuviloweka kwenye chai. Maneno yalitoka yamebanana, ikabidi umsogelee ndipo umwelewe.

Hospitali ya hapa mjini ilimpa mtu wa kumfundisha mazoezi, mwanamke kijana aitwaye Candide. Alimkabidhi vijiti bapa vya mbao, vile ambavyo daktari hukandamizia ulimi akitaka kuona koo. Unavipanga pamoja, unavibana kati ya meno, unangoja taya lizoee maumivu, kisha unachomeka kingine katikati. Ni kazi ya kila siku, asubuhi na jioni.

“Papa Hamimu, ukiacha itafungana,” Candide alimwambia mbele ya Mwanvua. “Na ikishafungana, mi sitakuwa na kitu ya kufanya tena. Kama kuna fasi inakuuma, unipigie telefone. Usiogope.”

Hamimu alikuwa na sababu kubwa ya kuvipenda vile vijiti. Binti yake wa pekee, Fadhila, alikuwa amechumbiwa na Faruk, fundi wa pikipiki wa kule Mutakura. Kwetu sisi Waislamu baba ndiye anayemwoza binti. Anakaa uso kwa uso na bwana harusi, wanashikana mkono, anatamka kwa kinywa chake kwamba amemwoza, na kijana anajibu palepale kwamba amekubali, mashahidi wakisikia. Baba asiyeweza anaweka wakili wa kusema badala yake. Wako wanaoweka wakili kwa sababu ya aibu tu ya kusimama mbele za watu, wala hakuna anayewacheka, lakini Hamimu hakutaka hata kulisikia neno hilo.

“Mi nitamuoza mutoto wangu na kinywa yangu,” alituambia dukani. “Kama haiyafunguka, watangoja.”

Na walingoja kweli. Harusi ilikuwa iwe kabla ya Ramadhani. Fadhila mwenyewe akaisogeza hadi baada ya Idi. Mama yake Faruk alinuna, majirani wakaanza kunong'ona kwamba pengine uchumba umevunjika, na msichana akashikilia palepale kwamba haolewi bila sauti ya baba yake. Watoto wa siku hizi tunawasema sana, lakini yule aliniliza.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Vijiti viliongezeka, na Hamimu akaanza tena kuniibia wateja. Halafu asubuhi moja, akiwa anabana vijiti vyake, sikio la kushoto likalia ndani, likamchoma, kisha likaziba kama la mtu aliyezamia ziwani. Tangu hapo sauti za watu zikawa mbali, na yake mwenyewe ikawa inavuma kichwani; la kulia nalo lilikuwa limeshachoka kwa umri, lilimsikia tu aliye karibu nalo.

Angempigia Candide siku hiyo, mimi nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Hakumpigia. Alikaa akajitibu kwa mawazo yake, akaamua kuwa saratani imepanda sikioni na kwamba vijiti ndivyo vilivyoiamsha. Akapiga hesabu ya kizee: akisema, atarudishwa Dar, harusi itasogezwa tena, na pengine atakufa binti yake hajaolewa. Basi akanyamaza. Kila asubuhi alichukua vijiti, akajifungia chumbani, akakaa kitandani bila kufanya lolote, akatoka anajifuta mdomo kwa taulo. Mwanvua, masikini, alikuwa anamsifu.

Simu za Candide hakuzipokea. Dukani alihamisha kiti chake ili sikio la kulia lielekee barabarani, nami nikadhani anakimbia jua. Nilipomwita hakuitika, nikamwambia saratani imemwachia maringo.

Idi ikapita. Siku chache kabla ya ndoa Shehe alimwita msikitini baada ya sala ya alasiri, ajaribu kutamka maneno ya kuoza. Nilikwenda naye, pamoja na mdogo wake, Tajudini, aliyetoka Gihosha. Tajudini akakaa mahali pa bwana harusi, wakashikana mkono. Hamimu akaanza. Nilikuwa karibu yake kabisa, na nilichosikia ni mvumo tu, kwa maana meno ya juu na ya chini yalikuwa yamekaribia kugusana. Shehe akamwomba arudie, akarudia, jasho likimtoka. Tajudini akajibu kwamba amekubali. Hamimu akabaki anamkodolea macho, anangojea jibu ambalo sisi sote tulikuwa tumeshalisikia.

“Hamimu, ndugu yangu,” Shehe alisema kwa upole, safari hii akiinamia sikio la kulia. “Mashahidi lazima wakusikie. Na we lazima umusikie kijana.”

Hamimu akamwonyesha Tajudini kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali kwamba mdogo wake awe wakili. Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya ndoa alivaa kanzu mpya, akakaa pembeni ya mdogo wake. Tajudini alishika mkono wa Faruk akasema maneno yote vizuri. Hamimu alikuwa anatazama midomo tu. Alijua mambo yamekwisha alipoona watu wanainuka na kumnyooshea mikono kumpongeza. Baadaye Fadhila alitoka kwa wanawake, amepambwa, akapiga magoti mbele yake.

“Papa,” alisema, “si ulikuwa unafanyaka mazoezi kila siku?”

Alijifanya hakusikia. Mimi nilikuwa pale: binti alikuwa karibu kabisa na sikio la kulia.

Mwanvua hakudanganyika tena. Harusi ilipokwisha alimbana mumewe mpaka akasema yote, kisha akamshika mkono akampeleka kwa Candide, na Candide akampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari akachungulia, akapima, akawaambia kuwa saratani haimo. Palikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio. Ule upasuaji ulidhoofisha misuli inayofungua kijia kidogo kati ya koo na sikio, hewa ikawa haipiti, maji yakakusanyika. Huwapata wengi waliopasuliwa hapo. Alitoboa kitundu, akaweka kibomba kidogo, maji yakatoka, na Hamimu akasikia mlango ukifungwa nyuma yake, akashtuka.

Taya ndilo lililoshindikana. Candide alilipima, akalipima tena, akaweka kipimo chini. Alisema mazoezi ya sasa yatamsaidia kulinda nafasi iliyobaki, asije akashindwa hata kula uji, ila ile iliyopotea haitarudi.

“Juu ya nini haukunipigia?” alimwuliza. “Papa, ilikuwa neno moja tu ningekuambia.”

“Niliogopa,” Hamimu akajibu.

Mwanvua ndiye aliyenisimulia hayo, akilia kwa hasira. Nami nilikasirika, nikataka kwenda kumtolea Hamimu maneno. Nilimkuta dukani na Fadhila, aliyekuja kumjulia hali. Baba alikuwa amemwomba binti simu, ile yenye video ya ndoa, na ameiweka kwenye sikio la kushoto. Nikasimama mlangoni. Sauti ya Tajudini ilitoka safi kabisa: “Nimekuoza Fadhila binti Hamimu, kwa niaba ya baba yake.” Kisha Faruk akajibu kwamba amekubali. Hamimu alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza ndoa ya mtoto wake.

Akamwomba Fadhila airudishe mwanzo. Safari hii aliilaza simu juu ya kaunta, akanyoosha mkono wa kulia juu yake kama mtu anayetaka kushikana na mwenzake, akaanza kutamka mwenyewe, “Nimekuoza binti yangu,” neno kwa neno, akilisukuma kila moja kupitia ule mwanya. Fadhila alifunika uso kwa mtandio wake. Hamimu alikuwa bado hajafika kwenye jina la binti, na kwenye simu Faruk alikuwa ameshakubali, watu wamesimama.