Mara ya Pili kwa Kizigua

Siku yangu ya kwanza kazini nilihesabu misumari. Ilikuwa stoo ya shamba la mkonge upande wa Old Korogwe, miaka michache kabla ya Uhuru. Aliyenipokea tulimwita Bwana Stoo, mzee wa Kishambaa mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alinimwagia debe la misumari mezani, akaenda kunywa chai. Aliporudi nikamwambia iko mia nne na kumi na mbili.

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara moja, mzee."

"Basi hujahesabu. Umekisia polepole."

Nikarudia. Ikatoka mia nne na tisa. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mzigua na hesabu!" akasema, maana Mshambaa hakosi la kumwambia Mzigua. Kisha akakaa, akanifundisha jambo lililonilisha miaka yangu yote ya kazi. "Mara ya kwanza unahesabu kwa ajili ya anayekuuzia. Mara ya pili unahesabu kwa ajili ya anayekutuma. Zikitofautiana, usilipe."

Mimi nikaongeza langu. Mara ya kwanza nilihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, mwuzaji asikie na afurahi. Mara ya pili nilihesabu kwa Kizigua, kwa kunong'ona, na humohumo nikasema niliyoyaona juu ya bidhaa na juu ya mwenye bidhaa. Korogwe mjini mbinu hiyo haifai kitu, kila wa pili ni Mzigua. Lakini kadiri nilivyotumwa mbali ndivyo ilivyozidi kunifaa. Nimewatukana wafanyabiashara wa miji mingi na wote wakaniaga kwa tabasamu.

Uhuru ulipokuja nikapelekwa Handeni, kwenye ushirika, kununua mahindi na kupima magunia. Hapo bosi wangu alikuwa Katibu, kijana kuliko mimi, aliyependa kuvaa koti hata jua la saa saba. Baada ya Azimio, mashamba ya mkonge yalipokuwa mali ya umma, nikarudishwa bondeni, shamba moja upande wa Mnyuzi, cheo kikiwa Mnunuzi wa Spea, ingawa wote waliniita Karani. Cheo kikubwa, mkoba mdogo.

Niwaeleze vijana kazi yenyewe. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Leo au kesho lazima lipite kwenye korona, ile mashine kubwa yenye visu inayoponda jani na kubakiza singa, yaani nyuzi. Korona ikisimama, wakataji wanasimama, reli ndogo ya shamba inasimama, na duka la kambi linaanza kuwa na wateja wa kutazama tu. Korona zetu zilikuwa za kizamani kuliko Meneja. Spea zake hazikuwepo Tanga wala Dar es Salaam. Zilipatikana huko duniani, na wa kuzifuata huko nilikuwa mimi.

Kusafiri kwa posho ndogo ni ufundi kama ufundi mwingine. Kwenye treni nilipanda daraja la tatu, behewa la katikati, maana la mbele linakula moshi na la nyuma linakula vumbi. Kwenye lori la mizigo niliomba kupakia na kupakua, nauli ikapungua nusu, na mgongo nao ukapungua kidogo. Nilibeba mihogo mikavu, njugu na chumvi. Mji nisioujua niliuliza kwanza msikiti uko wapi, kwa sababu mbili, na ya pili ni kwamba wenyeji wake wanajua chakula cha bei nafuu kilipo. Hivyo ndivyo nilivyovuka ziwa hadi Kampala, nikashuka kwa reli hadi Kigoma na kuvuka tena, na nikafika hadi Katanga kufuata mkanda wa mashine ambao ungeingia kwenye kapu la sokoni.

Lakini safari ninayotaka kuisema ni ya Bombay.

Korona yetu kubwa ilivunjika beringi. Beringi ni zile bangili za chuma zenye golori ndani, ambazo mhimili wa mashine huzungukia. Zilitakiwa nane. Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Wakubwa wa mkoa wamekuja," akasema. "Mwisho wa mwezi ujao wanarudi. Wakikuta korona imelala, shamba linafungwa na watu wanagawanywa mashamba mengine. Kambi nzima, Karani."

"Ndege, mzee?"

"Ndege!" Akacheka bila kufurahi. "Posho hii ukipanda ndege utashukia angani."

Basi nikaenda Mombasa, nikapanda meli ya abiria daraja la deki. Deki maana yake hupewi chumba wala kitanda. Unapewa sitaha, na mkeka wako ndio hati yako ya kiwanja. Abiria wageni hukimbilia kivuli cha bomba la moshi, na jioni wanakuwa weusi kuliko mimi. Mimi nilitandika karibu na mlango wa jiko. Mpishi akikuzoea hukosi maji ya moto, na mwenye maji ya moto na mihogo mikavu hafi.

Bombay nilikaa siku kumi na moja nikizunguka maduka ya vyuma. Beringi nane nilizipata kwa mzee mmoja ambaye tulibishana siku tatu, tukalishana chai, tukaonyeshana picha za watoto, tukabishana tena. Nilizihesabu kwa Kiswahili nane, kwa Kizigua nane. Nikalipa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nilifanya nikijisifu. Meli ya kurudi Mombasa ilikuwa na nauli yake ile ile. Lakini nikasikia kuna meli ya mizigo inayokwenda Kismayu, Somalia, kuchukua ndizi, na nahodha wake anapokea abiria kwa bei ya kutupa. Nikachora ramani kichwani: Kismayu, lori hadi mpakani, Garissa, Mombasa, Tanga, nyumbani. Nikaona nimewashinda wote.

Kismayu mkuu wa forodha alilifungua sanduku langu, akaisoma hati ya shehena, akaisoma tena. Alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake kizuri kama cha watu wa pwani ya huko.

"Hati inasema mzigo unakwenda Tanga. Hapa si Tanga."

"Napita tu, mkuu. Lori la mpakani linaondoka keshokutwa."

"Wote wanapita tu. Halafu mzigo unauzwa sokoni kwetu bila ushuru. Lipa ushuru, au nipe mdhamini, mkazi wa hapa anayekujua. Hati ikigongwa muhuri mpakani na kurudishwa, dhamana inaisha."

Ushuru ulizidi kila nilichokuwa nacho, na mkeka juu yake. Lori la pili lilikuwa la wiki mbili baadaye, na mwisho wa mwezi haukuwa na wiki mbili. Na anayenijua Kismayu? Nilikuwa na jamaa Mnyuzi, Korogwe, na Chanika ya Handeni. Kismayu hata paka hakunijua.

Kesho yake nilikwenda sokoni kwa sababu ya njaa. Bibi mmoja alikaa chini na vichane vyake vya ndizi, mweusi, mfupi, kanga imefungwa kifuani kama wanavyofunga kwetu. Nikamwonyesha kichane kimoja. Akainua vidole vinane, kisha akataja bei. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, mbili tatu, nunua, acha.

Nikahesabu kwa sauti, moja hadi nane, nikamchekea. Kisha nikahesabu ya pili kimoyomoyo kwa Kizigua, na nilipofika mtandatu, yaani sita, nikaona mbili za mwisho ni pacha, zimeota katika ganda moja. Nikanong'ona, "Mfungate. Saba tu. Bibi huyu akizikwa atadai chenji ya sanda."

Bibi akaacha kupunga nzi.

"Mnane," akasema. "Pacha ni wawili, hata mama yao alilia mara mbili. Na sanda yangu nilishanunua. Sikudai chenji."

Alisema kwa Kizigua. Si Kizigua cha kuokota bandarini. Kizigua kile cha bibi yangu mzaa mama, chenye maneno ambayo sisi tulishayaacha tukichukua ya Kiswahili. Nilisimama na kichane mkononi. Miaka yangu yote ya kutukana watu kwa usalama ilinirudia kwa siku moja.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana ndilo lililobaki kinywani.

"Mtukanaji ana adabu," akasema. "Kaa. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamweleza. Handeni hakuijua kwa jina. Nilipotaja mto wetu, ule ambao watu wa pwani wanauita Pangani, akafumba macho. Akaniambia yeye hajawahi kuuona, wala mama yake, wala bibi yake. Waliouona ni wale waliotolewa huko zamani za njaa kuu, wakapakiwa majahazini kwa ahadi ya chakula, wakauzwa utumwani. Wakatoroka, wakaanza kurudi kwa miguu, wakafika mto wa Juba, karibu na hapo, wakachoka.

"Mto wenu una maji bado?"

"Una maji, bibi. Na mamba."

"Na njaa, imekwisha?"

"Njaa ipi?"

"Ile iliyotutoa."

Nimeulizwa maswali na mameneja, wakaguzi na maafisa wa mipaka mingi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema, "Imekwisha, bibi."

Akanitazama kuanzia shingo hadi miguu. "Mbona wewe umekonda?"

"Nilisafiri deki."

Alicheka mpaka wenzake wakamgeukia, akawatafsiria, wakacheka na wao. Ndipo nikamweleza habari ya sanduku, forodha na korona, na kambi inayongoja. Hakuniuliza ushahidi. Alikusanya ndizi zake na kusimama. Kaka yake alikuwa msimamizi wa wapakiaji wa ndizi bandarini, na forodha walimwona kila siku.

Kaka mtu alikuwa mzee mkimya mwenye mabega ya kazi. Alinisalimia kwa Kizigua, akanisikiliza nikijibu, akatikisa kichwa kama fundi anayegonga chungu kusikia kama kimepasuka. Tukaenda wote watatu.

"Unamjua mtu huyu?" mkuu wa forodha akamuuliza.

"Namjua."

"Tangu lini? Ameshuka jana."

"Tangu hajazaliwa," akasema mzee. "Lete kalamu."

Mkuu akamweleza vizuri kwamba mzigo ukiuzwa njiani, ushuru wote utamwangukia yeye. Mzee akaweka alama yake kwenye karatasi. Mkono wake haukusita. Nami nikaandika jina langu chini ya alama yake.

Kesho yake asubuhi, lori likiwa linapakiwa, bibi alikuja na kichane cha ndizi nane, mbili zikiwa pacha. Nikaingiza mkono mfukoni.

"Toa mkono huko," akasema. "Ukifika waambie hatukupotea. Waambie tulikaa kupumzika."

Nilifika mpakani, nikagongesha muhuri, nikairudisha hati kwa dereva wa lori lililogeuza, kisha nikamwandikia mkuu wa forodha barua mbili, moja ya kuthibitisha ya kwanza. Alinijibu kwamba dhamana imefutwa. Barua hiyo ninayo. Nilifika Mnyuzi siku nne kabla ya mwisho wa mwezi, miguu imevimba kama mihogo. Mafundi walifunga beringi, korona ikanguruma, na wakubwa wa mkoa walipokuja hawakusikia hotuba ya Meneja kwa kelele zake. Meneja alinishika mkono, akasema, "Karani, na chenji umerudisha!" Nilimwambia mengine yamelipwa na ndizi. Hakuelewa, nami sikumweleza.

Mama yangu nilimweleza. Wakati huo aliishi Chanika, na mvua mwaka ule zilikuwa zimetunyima. Kihenge chake kilikuwa na mahindi ya kufika nusu tu, na nilipoingia alikuwa anachambua mboga za porini. Nilimpa salamu kama nilivyopewa, neno kwa neno. Aliweka mboga chini.

"Alikuuliza kama njaa imekwisha?"

"Ndiyo, mama."

"Ukamjibu imekwisha."

"Ndiyo."

Akatazama kihenge. "Ungemwambia imepungua," akasema. Kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Lakini umefanya vizuri. Ndugu haalikwi nyumbani kwa kutajiwa njaa."

Sikupata kurudi Kismayu. Nilitumwa kwingine, nikahamishwa mara mbili, mkonge ukashuka bei, mabosi wakapita, nami nikastaafu kwa mkono wa kwaheri na baiskeli. Bwana Stoo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ningependa kumwambia kwamba siku moja hesabu zangu mbili zilitofautiana na nilipaswa kulipa ya mwuzaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Namshukuru Mungu kwa kazi ile. Wengi wenye pesa wameizunguka dunia wasikutane na ndugu yao hata mmoja. Mimi nilikutana naye kwa ubahili na kwa ulimi mbaya.

Sasa nalima hapahapa Chanika. Mwaka mahindi yakikubali, nayapanga magunia uani na kuyahesabu mara mbili, Kiswahili kisha Kizigua. Wajukuu wanauliza kwa nini ya Kizigua napaza sauti hivyo, majirani wanasikia. Nawaambia ndiyo maana. Mtandatu, mfungate, mnane. Imekwisha, bibi.