Chanjo Iliyotangazwa Matangani

Saa nne asubuhi, katika zahanati moja ya Bokoli, Nakhumicha anapiga simu kwa mara nyingine. Kando yake kwenye benchi ameketi Emmy, binti wa marehemu dada yake, mkono wa sweta ya shule umepandishwa tayari. Muuguzi Rosaline anasubiri neno moja tu kutoka Kitale.

"Mulamwa, sema tu ndio, sista anasikia," Nakhumicha anambembeleza shemeji yake.

Wangila, babake Emmy, hupakia magunia ya mahindi Kitale. Sauti yake inatoka kwenye simu ikiwa kavu.

"Hiyo sindano si ndio ulitangaza bibi yangu akiwa kwa sanduku? Ati sasa unataka mtoto? Hapana. Wachana na mtoto yangu."

Simu inakatika. Emmy anateremsha mkono wa sweta polepole, kisha anarudi shuleni.

Nakhumicha, mwenye umri wa miaka 46, ni mhudumu wa afya ya jamii. Hupita boma kwa boma akiwaomba wazazi waruhusu mabinti wao wachanjwe dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mzazi asipokubali, muuguzi hachomi mtu. Emmy anaishi kwake tangu msiba, lakini baba yuko hai, na ndiye mwenye kauli.

Pande hizi, mwenye tangazo hungoja matanga, kwa kuwa ndipo kijiji kizima hukusanyika. Mbolea, vyandarua, mikutano ya chifu, yote hutangazwa kabla ya jeneza kushushwa. Basi siku ya kumzika dada yake, Nasambu, Nakhumicha alishika maikrofoni akawaalika wazazi walete mabinti wachanjwe.

Hakusema kwa nini. Nasambu aliuawa na saratani hiyo hiyo, lakini kwa aibu alimwapisha dada yake asimwambie mtu, hata mume. Waombolezaji waliambiwa ni tumbo.

"Niliona nikitangaza chanjo, nitakuwa nimemlilia vizuri," anasema, macho yakiwa sakafuni. "Kumbe watu walisikia sindano na kifo pamoja. Wakasema hiyo kitu ndio ilimaliza Nasambu. Ni mimi nilifunga hiyo mlango, bana."

Siku hizi akionekana na mkoba wake, wengine huwaita mabinti ndani. Mzee mmoja alimfukuza hadi barabarani. Katika maboma 80 anayoyatembelea, ni wazazi sita tu waliokubali mwaka huu. Inauma kumsikiliza, maana hakuna anayemlaumu zaidi ya anavyojilaumu mwenyewe.

Rosaline naye hana la kumsaidia.

"Nikichoma bila baba kukubali, kesho hakuna mzazi ataleta mtoto hapa tena," anasema akirudisha dawa kwenye friji.

Chanjo hiyo hutolewa kwa wasichana wa miaka kumi hadi kumi na minne. Emmy anatimiza kumi na tano mwezi ujao.

Jumamosi Nakhumicha atakwenda Kitale, bila mkoba wala fulana ya kazi. Atamtafuta Wangila ghalani, amwombe wakae kando, kisha amwambie kilichomuua mkewe. Ameomba simulizi hii isitoke kabla ya hapo, kwa hiyo gazeti likikufikia, ujue ameshasema.

"Niliapa Nasambu akiwa amenishika mkono," anasema, akitazama njia aliyoishika Emmy. "Nitakosana na yeye. Wacha nikosane na yeye. Huyu mwingine bado ako hai."