Tulivyotangaza msiba wa zahanati ya zamani ili tupate bati

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa zangu shikamooni.

Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri kidogo, maana humu mtaniona naogopa mwanzo mwisho.

Kwetu ni kijiji kimoja huku Mashewa, Korogwe. Sisi ni Wazigua, ukoo wetu umetokea Handeni, ila mimi nimezaliwa hapa. Nikisema hapa namaanisha ndani ya zahanati ya zamani, ile ya kuta za mawe iliyoachwa ilipojengwa mpya.

Mama yangu alifia humo humo, siku aliyonizaa. Sina hata picha yake. Nilichokuwa nacho ni jina na kaburi, basi.

Tukaunda kamati tuikarabati iwe nyumba ya historia ya kijiji: picha za zamani, vifaa vya mkunga, kadi za kazi za wazee waliokata mkonge. Mimi katibu. Serikali ya kijiji ikatuambia hadi masika yaanze bati ziwe juu, la sivyo inavunjwa zijengwe fremu za maduka.

Nikaingia grupu la WhatsApp la kijiji na ukoo, nikaweka picha, nikaandika maombi marefu ya kistaarabu.

Wakuu, watu walijibu kwa vikatuni vya makofi. Makofi hayaezeki nyumba.

Grupu hilo hilo, mtu akioa, michango inamiminika! Wiki zikaenda. Kila nikiona mawingu yamekaa juu ya milima ya Bungu, nahesabu siku zilizobaki. Asubuhi nilikuwa naangalia simu kabla hata ya kunawa uso.

Ndipo akaja Bi Kalunde. Ni bibi wa Kinyamwezi, baba yake alikuja kukata mkonge akawa wa hapa hapa. Ujanani alikuwa mhudumu wa hiyo zahanati. Sisi na Wanyamwezi ni watani, na mnamjua mtani msibani: anaweza kujilaza kaburini mkashindwa kuzika mpaka mumpe chochote, na hakuna wa kumkasirikia.

"Wewe katibu unaomba kama mgeni," akaniambia. "Watu wa hapa hawachangii jengo, wanachangia msiba. Tangaza zahanati imekufa."

"Bibi, kifo hakifanyiwi mzaha."

"Mzaha nafanya mimi. Wewe lete simu, andika."

Akatamka, nikaandika: "Tanzia. Zahanati yetu ya zamani, ile ya mawe, imefariki kwa kukosa bati. Mazishi Jumamosi saa nne asubuhi, hapo hapo ilipo. Wafiwa ni wote iliowazaa."

Kutuma tu, nikajuta. Wawili wakajitoa kwenye grupu. Mmoja akaniuliza kama nimerogwa. Kisha baba yangu mkubwa, Mzee Mhina wa Handeni, aliyenisomesha na ambaye sijawahi kumwona akicheka, akaandika neno moja tu: "Nakuja."

Nikalisoma neno hilo mara tatu. Nikaona nimemdhalilisha mzee wa watu mbele ya ukoo mzima, na jengo lenyewe bado naenda kulikosa.

Jumamosi saa nne tulikuwa mimi, Bi Kalunde na turubai. Saa tano hivyo hivyo. Nilishaanza kupanga maneno ya kuomba radhi.

Mara tukasikia vilio. Kina mama wanashuka na njia ya mlimani, kuni vichwani, unga, maharage, wanalia huku wanacheka. Nyuma yao wanaume na mbao begani. Mwingine kabeba misumari kwenye kofia.

Halafu kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikasimama, akashuka baba mkubwa. Bi Kalunde hapo hapo akajilaza kwenye kizingiti.

"Haingii mtu! Wazigua mmeacha maiti uchi miaka yote, leo mnajifanya wafiwa?"

Wenye mbao wakasimama njiani. Nikaangalia chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mkubwa akavua kofia. "Inuka mtani. Tumechelewa kwa sababu tulikuwa tunatafuta sanda."

Akafunua nyuma ya gari. Bati tupu!

Watu waliangua kicheko, na yeye akacheka. Mimi nikakaa kwenye rundo la kuni.

Baada ya kula ukafika wasifu wa marehemu. Kila mtu anasema alichokijua, mimi naandika kwa ajili ya nyumba ya historia. Mzee mmoja wa Kimasai alieleza alivyomleta mkewe kwa punda kutoka upande wa Handeni. Wa mwisho alikuwa Bi Kalunde.

"Huyu katibu wenu alichelewa kutoka siku mbili, kama anavyochelewesha mikutano." Watu wakacheka. "Mama yake alikuwa kitanda cha dirishani. Dirisha bovu, limegoma. Akaniambia, dada, nifungulie nimwone mtoto kwa mwanga. Nikalipiga na mchi likafunguka. Akamtazama sana. Akasema, ana masikio ya baba yake. Alicheka, jamani. Damu ilikuja kumtoka kupita kiasi baadaye."

Wakuu, miaka yote niliamini mama hakuwahi kuniona.

Kalamu ilinitoka mkononi. Nililia mbele za watu, na safari hii kwenye mazishi yale hakuna aliyecheka.

Nilipotulia nikamuuliza, bibi, mbona siku zote hukuniambia?

"Uliniuliza habari za jengo," akasema. "Za mama yako hukuniuliza."

Bati zilitosha chumba cha kujifungulia na ukumbi. Mvua ya kwanza ilitukuta fundi yuko juu, upande mmoja bado wazi, na bado sina usingizi mzuri. Ila hatuvunjiwi, tumeongezewa muda.

Nilichojifunza: nilikuwa nachangisha kuta, wakati watu wanamchangia wanayemjua. Na wenye habari tunaishi nao, hatuwaulizi tu.

Wenye ujuzi wa kukarabati kuta za mawe nipeni maarifa. Na wewe unayesoma, aliyekuwepo siku unazaliwa bado yupo? Umeshamuuliza?

Juzi fundi alitaka kuziba lile dirisha kwa tofali, eti ukuta uwe imara. Nimemkatalia. Nimemwambia atafute bawaba, lifunguke.