Foki ya Kubebea Mayai

Foki ya baiskeli yangu, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilivunjika siku ya Alhamisi, kwenye mteremko wa machimbo ya mawe kule Boko, nikiwa na trei sita za mayai. Ilikuwa imeanza kupinda tangu masika, na kila asubuhi ilinitazama kama mtu anayetaka kuaga lakini anaona haya. Siku hiyo ikaaga. Mguu mmoja ulikatika pale juu kwenye maungio, gurudumu likaenda upande wake, mie nikaenda upande wangu, na mayai yakabaki katikati hayajui yamfuate nani. Mbwa wote wa machimbo walikula wakashiba mpaka wakalala njiani, malori yakawa yanawapigia honi na wao wanageuza ubavu tu.

Yale mayai yalikuwa ya hoteli moja ya ufukweni, Kunduchi. Nilikwenda kwa miguu kutoa taarifa, magoti yamechunika, suruali inanuka keki mbichi. Pale stoo alikuwepo dada mmoja mpole sana, na upole wake ndio uliokuwa unanitisha. Mwezi ule alikuwa amesharudisha mayai yangu mara kadhaa kwa sababu ya nyufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta kaunta kwa kitambaa, akasema:

"Kaka wa mayai, Jumamosi tuna harusi. Saa mbili asubuhi nataka trei sita, nzima. Ukiniletea uji tena, Jumatatu naanza kuchukua kwa mtu mwenye pikapu."

Hakuinua sauti. Nilitamani ainue.

Inabidi nieleze kwa nini maneno yale yalinikata miguu. Mke wangu alikuwa amefanya kazi kiwandani tangu usichana wake, mpaka likaja lile wimbi la kupunguza watu, na yeye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Kiinua mgongo chake chote tulikigeuza kuwa vifaranga, vifaranga vikawa kuku wa mayai, na banda likajengwa nyuma ya nyumba kwa mbao, mabati na matusi yangu. Kuku wale ndio walikuwa kiwanda chake sasa. Aliamka kwa ajili yao mapema kuliko alivyowahi kuamka kwa ajili ya king'ora. Na hoteli ile ndiyo pekee iliyochukua mzigo kila wiki bila hadithi. Wenye magenge walichukua trei moja, wakakulipa kwa tabasamu. Tukiikosa hoteli, hakuna chakula cha kuku. Kuku asipokula hatagi. Mke wangu alikuwa ameshasema: siku atakapokosa pumba, atawauza wote asubuhi hiyohiyo, hatasubiri kuwaona wanakonda.

Kwa hiyo jioni ile nyumbani hakukuwa na kesi ya magoti yangu. Kesi ilikuwa foki.

Foki ya kawaida, ile ya chuma kisichochezacheza, tungeipata popote kwa bei ya kuchekea. Lakini chuma kile ndicho kilichokuwa kinatutia nyufa. Kila shimo la barabarani lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye ganda la yai. Miaka ile mitumba ya kila aina ilikuwa imeanza kumwagika mjini, na katika makontena hayo zilikuwa zinakuja foki za shokapu, kutoka kwenye baiskeli ambazo Wazungu walizichoka kabla hazijachafuka. Mie nilizitaka tangu siku ya kwanza nilipoiona moja ikipita Tegeta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, fizikia nimeipata kwa mwanga wa karabai, na nilijiona karibu nitaitwa kutengeneza ndege. Kwa elimu hiyo nilikuwa nimeshahamisha mayai kutoka kwenye keria ya nyuma, nikayaweka mbele, ndani ya boksi la mbao nililolifunga kwenye usukani. Ukiweka shokapu mbele, nilimweleza mke wangu, mzigo unakaa juu ya shokapu. Nyuma unakalia mfupa mtupu. Alikubali. Ila fedha tuliyokuwa nayo, tukiifinya mpaka ilie, ilitosha foki moja tu, iliyotumika. Tukikosea, hakuna ya pili.

Ijumaa asubuhi tulitembea kutoka Boko hadi Tegeta. Mie nimebeba fremu begani, yeye ameshika gurudumu kwa mkono mmoja na trei ya mayai kwa mwingine. Watu walituuliza kama tumehamishwa. Nilimuuliza mayai ni ya nini.

"Foki utaiendesha wewe," alisema, "lakini kazi yake ni mayai. Yaijaribu yenyewe."

Mwenye duka alikuwa mzee wa kulekule pwani, kanzu yake ya Ijumaa ameshaivaa, spana mkononi. Tukampa shikamoo yetu, akaitika marahaba wanangu, akatuonyesha foki tatu zilizoning'inia kwa waya kama nyama buchani. Alichukua kamba, akapima shingo ya baiskeli yetu, akapima shingo za foki, na moja akaiondoa mwenyewe. Shingo fupi, alisema. Nikiifunga hivyohivyo nitarudi kwake nimeshika meno mkononi. Zikabaki mbili, bei moja.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu. Ilikuwa inang'aa kiasi kwamba ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Ukiibonyeza kwa kiganja ilishuka taratibu, laini, kama godoro la chumba cha wageni. Ya pili ilikuwa nyeusi, imechubuka, ina madoa ya kutu shingoni, na ukiibonyeza ilikuangalia tu. Mafundi seremala wa banda la jirani waliacha randa zao wakaja kubonyeza nao, maana hakuna mwanamume anayeweza kupita shokapu bila kuibonyeza. Wote wakasema nyekundu. Mmoja akasema ile nyeusi imekufa, izikwe kabla ya swala. Mie nilikuwa nimeshaichagua nyekundu kabla hawajafika.

Masharti ya mzee yalikuwa mafupi. Mali ikishauzwa hairudi. Kujaribu ruhusa, lakini kwa rehani, kwa kuwa kuna kijana mmoja aliomba kujaribu gia mpaka pale kona, na kona yenyewe ikawa Bagamoyo. Tukatazamana. Saa sina, redio sina, viatu vyangu mzee alivikataa kwa macho tu. Mke wangu akavuta kigoda, akakaa.

"Niandike mimi," alisema.

Mzee akafunga foki nyekundu, na trei ikaingia kwenye boksi. Nikaondoka.

Mungu anisamehe, nilijisikia kama nimepanda wingu. Vishimo vidogo vilikuwa vinapita chini yangu kama uvumi wa mtaa wa pili. Nilianza kupiga mluzi. Nilifika kwenye njia moja ya malori ya mawe, yenye mteremko, nikaingia makusudi, na bado mayai yalikuwa kimya kabisa. Nikajiambia fizikia imeshinda. Hapo lori likatokea kwa mbele, limejaa kokoto, dereva anatafuna muwa, barabara yote ni yake. Nikabana breki. Foki ikashuka, ikashuka, ikafika mwisho wa kushuka, na huko mwisho ikagonga: ko. Nikainuka kwenye kiti. Boksi likainama kama linasujudu, na nikayasikia mayai, sauti ndogo kavu, kama mtu anayekanyaga maganda ya karanga.

Nusu ya trei ilikuwa imekwenda. Na hiyo ilikuwa trei moja. Kesho zingekuwa sita, na mteremko wa machimbo ni mrefu kuliko ile njia mara elfu.

Nilirudi taratibu, ute unadondoka kwenye gurudumu. Mke wangu aliona tangu mbali. Hakuinuka kwenye kigoda, alinyoosha shingo tu, akatazama ndani ya boksi, akatazama jua. Mzee naye akatazama jua. Akatuambia, kwa huruma, kwamba baada ya swala anafunga duka na kuelekea Bagamoyo msibani, harudi mpaka Jumapili. Tukitaka chochote, ni sasa.

Nilisema tuchukue ya chuma, ile ya kawaida. Angalau ubaya wake tunaujua.

"Ubaya wake anaujua hata dada wa stoo," alisema mke wangu. "Mzee, tufungie nyeusi."

Mzee alifanya kazi haraka kuliko umri wake, kanzu ameibana kiunoni, kofia imerudi kisogoni. Ilipofungwa nikaibonyeza kwa mikono yote miwili. Ikashuka unywele mmoja, labda nusu unywele. Wale maseremala walicheka mpaka mmoja akakalia msumari. Lakini katika kubonyeza kule, mikono inauma, kuna kitu kilinijia kutoka kwenye masomo yangu ya usiku, na sasa hakikuwa majigambo. Nyekundu ilikuwa inatii kiganja, na kitu kinachotii kiganja kitafanya nini kikikutana na mtu mzima, boksi na breki? Hii ngumu huenda haikuwa imekufa. Huenda ilikuwa inangoja mzigo. Nikamwambia mke wangu kwamba ili tujue inabidi tuilemee, na trei iliyobaki nusu haina uzito wowote.

Mke wangu ni mwanamke wa kujaza mlango. Aliinuka kwenye kigoda, akakaza khanga.

"Basi nipakie."

Mzee aliacha spana ikaanguka. "Subirini kwanza," alisema. "Rehani yangu ikipanda baiskeli, mie nabaki na nani?"

Dakika zilikuwa zinakimbia. Tayari watu wa msikitini walikuwa wanapita na misala yao, wanamsalimia mzee na kutushangaa sie. Mwisho mzee mwenyewe akaamua. Akashika keria ya baiskeli yangu kwa mikono miwili, akasema twendeni, yeye hatoi mkono pale hata kuzimu.

Ndivyo tulivyoondoka. Mie juu ya kiti, mke wangu amekaa kiupande kwenye bomba la mbele, ameegemea usukani kwa uzito wake wote, mayai yaliyonusurika yako kwenye boksi chini ya kidevu chake, na nyuma yetu mzee anakimbia, kanzu imepanda magotini, miwani mdomoni. Tukaingia njia ya malori. Nilihisi foki ikikaa, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Shimo la kwanza ikashuka kidogo na kurudi. La pili hivyohivyo. Adhana ikaanza, na mzee akaanza kuita "Bana breki, bana breki nikaswali." Mteremko ulikuwa umeshatushika. Mke wangu alifumba macho, akayakumbatia mayai pamoja na boksi lake. Nikabana.

Foki ikazama, polepole, ikasita, na kabla haijafika chini ikaturudisha juu. Hatukusikia ko. Hatukusikia chochote ila pumzi ya mzee.

Mke wangu alihesabu kwa kidole, yai baada ya yai, akigeuza kila moja. Hakuna lililopasuka. Mzee alikuwa amejishika kiuno. Aliponyoosha mkono nilidhani anataka kunisaidia kushuka.

"Nilipeni," alisema. "Nikaswali."

Jumamosi niliteremka kutoka Boko na trei sita, na nasema kweli, sikupumua mpaka Kunduchi. Kwenye mteremko wa machimbo nilibana breki pale palipolala mbwa wale wa Alhamisi, na nikaona mmoja anainua kichwa kwa matumaini. Foki ikazama, ikarudi. Mbwa akalala tena.

Dada wa stoo alizipanga trei kwenye kaunta. Aliinua moja moja, akapapasa chini yake kwa kiganja kutafuta majimaji. Ya kwanza kavu, ya pili kavu. Kule jikoni masufuria yalikuwa yanagongana, mtu anauliza mayai yako wapi. Trei ya mwisho aliipapasa, akakitazama kiganja chake, akanitazama mie. Akatafuta kwa vidole mpaka akalipata: yai moja, ufa mwembamba kama uzi. Akaliweka pembeni. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta la kusema.

"Hili nitalikaanga mwenyewe," alisema. "Jumanne niletee trei nane."

Nikarudi nyumbani bila mzigo. Hapo ndipo nilipoifahamu foki ile vizuri. Ikiwa na mayai ni malaika. Ikiwa tupu ni mchi wa kutwangia. Haikushuka hata unywele. Kila jiwe kutoka Kunduchi hadi Boko lilipita kwenye usukani, likapanda mikononi, likatoka kwa juu ya utosi. Ulimi niliuma mara tatu. Nilipofika nyumbani macho yana machozi, taya limekaza, siwezi kutamka neno.

Mke wangu alikuwa mlangoni mwa banda na ndoo mkononi. Aliniona uso ulivyo, akaiweka ndoo chini, polepole sana.

"Mangapi?" aliuliza.

Nikainua kidole kimoja.

"Trei moja?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Nikajitahidi na ulimi wangu uliovimba mpaka neno likatoka. "Yai. Na Jumanne anataka nane."

Hakucheka wala hakupiga kigelegele. Alichukua ndoo yake, akaingia bandani, akafunga mlango wa wavu nyuma yake. Nikamsikia huko ndani anazungumza na kuku, kwa sauti ya chini, sauti ya msimamizi wa zamu, anawaeleza kwamba mpaka Jumanne zinatakiwa trei nane na kwamba hataki kusikia kisingizio cha joto.