Washa Iliyobaki Mfukoni

Usiku ule nililala na shati nililoshinda nalo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nimejaa sifa. Mchana nilikuwa nimefunga breki kwenye baiskeli ya binti yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa na spana moja, plaisi ya kuazima, na video kwenye simu ambayo ilisimama kila nilipoigusa kwa kidole chenye grisi. Mtu wa miaka hamsini na mbili ambaye kazi yake ni kufundisha chuoni na kuandika makala kuhusu kujitegemea hapati mara nyingi nafasi ya kujitegemea kweli. Nilipoipata, niliishika kwa mikono miwili.

Baiskeli yenyewe ni ya ajabu. Edina aliinunua ya mtumba, nyembamba, ya gia moja na haina friwili. Kwenye baiskeli za kawaida ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea na miguu inapumzika. Hii haikubali. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, na miguu yako imo. Ukitaka kupunguza mwendo unazikaza pedeli kwa nguvu za mapaja. Waliokuwa nayo zamani hawakuweka breki kabisa. Nadhani waliona ni urembo, na nadhani waliishi mahali tambarare. Sisi tunaishi Iringa mjini, juu, na kesho yake, Jumatatu, Edina alikuwa anaanza mafunzo ya uuguzi kwenye zahanati moja kule Ipogolo, chini. Kati ya juu na chini kuna mteremko ambao malori huushuka yakilia.

"Baba, si nimpelekee tu fundi wa sokoni?" Edina aliniuliza. "Ni nusu saa."

"Mimi nimelelewa na fundi," nikamjibu.

Hilo lilikuwa kweli. Nilichoacha kusema ni kwamba kulelewa na fundi kulinifundisha kushika tochi.

Nilifunga mkono wa breki kwenye usukani, nikapitisha waya, nikaukaza kwa nati kule chini kwenye breki yenyewe. Nilipomaliza kilibaki kitu kimoja mezani, washa ndogo, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, yenye mfereji mwembamba upande mmoja.

"Na hiyo?" Edina akauliza.

"Ya akiba."

"Akiba ya nini?"

"Huwa wanaweka moja ya ziada. Siku zote."

Nikaitia kwenye mfuko wa shati. Nikainua gurudumu la mbele, nikalizungusha, nikabana mkono wa breki. Likasimama papo hapo. Edina akapiga makofi. Nikaenda kulala kama mkandarasi aliyekabidhi daraja.

Ndipo nikamwona Shangazi Melania.

Nilikuwa kwenye chumba changu cha kusomea, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Ni dada wa baba yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba, na ambaye tulimzika miaka tisa iliyopita. Alikuwa amevaa kama alivyovaa siku za kazi, kanga juu ya kaptula ya marehemu mumewe. Alipofiwa, watu walisubiri auze spana za mume, aliyekuwa fundi baiskeli. Yeye alifungua kibanda asubuhi ya siku ya matanga kuanuliwa, akaendelea na gurudumu ambalo mume alikuwa ameliacha nusu.

Hakuniangalia. Alikuwa anafuta cheni. Nikasogea nione anafutia nini, nikaona ni kurasa za kitabu changu cha makala, anazichana moja moja, taratibu, bila hasira yoyote.

"Karatasi nzuri," akasema. "Inanyonya."

Nilitaka kumwambia aache ukurasa wa mwanzo, maana una jina lake, kitabu nilikitabaruku kwake. Halafu nikakumbuka kwamba sivyo. Nilikitabaruku kwa profesa aliyenisimamia.

Kisha kiti hakipo. Tuko barabarani, juu kabisa ya mteremko, jua ni la saa nne, na mimi nimevaa joho la mahafali. Kando ya barabara wanafunzi wangu wamekaa kwenye viti, kalamu mkononi. Baiskeli ya Edina imesimama katikati bila kuegemea kitu, na pedeli zake zinazunguka zenyewe, polepole, kama mtu anayetafuna.

Shangazi anapitisha kidole juu ya waya.

"Nani kafunga?"

"Mimi, Shangazi."

"Umeshuka nayo?"

Swali hilo nalijua tangu utotoni. Mafundi wengine wote wa mtaa, wakifunga breki, waliinua gurudumu, wakalizungusha, wakabana, wakasema tayari. Shangazi aliita hiyo kuisalimia breki. Yeye hakukabidhi baiskeli yoyote aliyoifunga breki kabla ya kuipanda mwenyewe na kushuka nayo mteremko ule mpaka kwenye kona ya mikaratusi, kisha kuisukuma kwa miguu mpaka juu, jasho likimtoka. Hata alipokuwa na miaka sitini. Hata kwa mteja mwenye haraka. "Ikiniua mimi, wewe umepona," aliwaambia, na wateja walicheka, na yeye hakucheka.

"Niliinua gurudumu," namjibu. "Nikalizungusha. Likasimama."

"Hapo umeisalimia. Nakuuliza, umeshuka nayo?"

Naanza kueleza. Naeleza msuguano. Naeleza tofauti ya nadharia na vitendo, na nasema mambo mazuri sana, kwa sababu wanafunzi wanaandika kwa kasi. Joho langu linarefuka. Limeshafika kwenye kona na bado linashuka, na Shangazi anangoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipite.

Halafu sijui imekuwaje, barabara ni ile ile lakini mimi nina miaka ishirini na moja.

Hili ndilo sikutaka liingie, kwa maana halikuwa ndoto. Lilitokea. Nilikuwa nimerudi likizo ya kwanza ya chuo kikuu, na wenzangu wawili wa darasani walikuja kunitembelea. Tulikuwa tunashuka mteremko ule kwa miguu, tukizungumza kwa sauti ili watu wajue tumesoma. Shangazi alikuwa anapanda, anasukuma baiskeli ya mtu, kanga ameikunja, grisi shavuni.

"Nani yule mama?" mwenzangu mmoja akauliza. "Amevaa kaptula!"

"Fundi wa mtaani kwetu," nikasema.

Alikuwa hatua tano kutoka kwetu. Alisimama. Aliegemeza baiskeli kwenye nyonga yake, akafuta mkono kwenye kanga, akapiga goti kidogo, kama wanavyopiga goti watoto wa kike wakimsalimia mkubwa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Shangazi yangu. Aliyenifuta kamasi kwa vidole vyake. Nami nikajibu.

"Marahaba."

Nimejitetea kwa miaka thelathini kwamba ulimi ulifuata njia uliyoizoea, ukisikia shikamoo jibu lake ni hilo, hakuna mtu anayelifikiria. Utetezi ni mzuri. Ningempa mwanafunzi alama. Lakini niliweza kucheka, niliweza kusema "Jamani, huyu ni shangazi yangu," nilikuwa na mteremko mzima wa kusema hivyo. Yeye alisukuma baiskeli yake akapita. Jioni alinipakulia chakula, nyama nyingi kuliko yake, na hakulitaja jambo lile siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mimi pia sikulitaja. Siku ya mazishi nilisoma wasifu wake, watu wakalia, wakasifu Kiswahili changu.

Sasa yuko mbele yangu tena, baiskeli kwenye nyonga. Anapiga goti.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Safari hii niko tayari. Nafungua kinywa kusema "Shikamoo, Shangazi," na kinachotoka ni "Marahaba." Najaribu tena. "Marahaba." Wanafunzi wanaandika. Naushika ulimi kwa vidole, nauachia, "Marahaba, marahaba." Hapo Edina anapita katikati yetu juu ya baiskeli, amevaa sare nyeupe, "Baba, nimeondoka!" na anashuka. Pedeli zinakwenda kasi kuliko miguu yake. Miguu imezikosa. Naona mkono wake unabana breki, unabana mpaka unagusa usukani, na baiskeli haijali. Nataka kupiga kelele aelekee pembeni, kwenye majani. Neno nililo nalo ni moja tu, nami nampigia kelele hilo hilo.

Shangazi anashika kiganja changu. Anaweka ndani yake kitu kidogo cha baridi, anavikunja vidole vyangu kimoja kimoja. Hana hasira. Ningeona nafuu kama angekuwa nayo.

"Rudisha mahali pake," anasema. "Kisha ushuke wewe kwanza."

Nikaamka nimelala kifudifudi. Washa ilikuwa imenigandamiza kifuani kupitia mfuko wa shati, na imeniachia alama ya duara kama muhuri. Nje nilisikia pampu. Edina alikuwa anajaza upepo.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Nilitoka na kaptula yangu ya kulalia na shati lile lile.

"Kamwene, Baba," akanisalimia kwa utani, maana tunasalimiana Kihehe tukiwa na furaha. "Nilidhani wahandisi huamka wamechelewa."

"Hebu ishike hapo."

Sikuinua gurudumu. Niliisukuma baiskeli mbele kwa uzito wangu wote, nikabana mkono wa breki kwa mikono miwili, kama atakavyobana mtu anayeona lori. Ilishika kidogo. Halafu waya ukateleza chini ya nati kama mlenda, na mkono wa breki ukalala kwenye usukani.

Edina aliinama karibu. Alikuwa anautazama ule mkono uliolala.

"Baba. Ile washa."

"Ndiyo. Ule mfereji ndio unaoushika waya."

"Ulisema ya akiba."

"Nilikudanganya. Sikujua ni ya nini, nikaona aibu kusema sijui."

"Si ungesema tu? Ningekucheka kidogo, yangeisha."

"Hicho kidogo ndicho nilichokiogopa."

Nilifungua nati, nikairudisha washa mahali pake, nikalaza waya ndani ya mfereji, nikakaza. Nikabana tena kwa mikono miwili, mara tatu. Waya haukusogea. Edina akanyoosha mkono.

"Lete, nitachelewa siku ya kwanza."

"Hapana. Nashuka nayo mimi kwanza."

"Na kaptula hiyo?"

"Na kaptula hii hii."

Sitaeleza kushuka kwenyewe, kwa heshima ya miguu yangu. Pedeli zilinizungusha kama nguo kwenye mashine. Nilipita watu wanaokwenda kazini, na mmoja wao nilimfundisha. Kwenye kona ya mikaratusi nikabana. Ikashika. Nilisimama, nikashuka, nikaanza kuisukuma kurudi juu.

Ni mbali kuliko nilivyodhani. Sikuwahi kupima, kwa kuwa nilikuwa yule anayengoja juu na tochi.

Nilipofika pale aliponipigia goti, nilipajua. Hapana alama yoyote, ni ukingo wa barabara na majani. Nikasimama niheme, nikaegemeza baiskeli kwenye nyonga. Nikafuta mkono kwenye shati. Niliogopa kitakachotoka kinywani.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

"Marahaba, fundi."

Niligeuka. Bibi mmoja nisiyemjua alikuwa anapanda nyuma yangu, ndoo ya maziwa kichwani. Alikuwa anaangalia grisi mikononi mwangu.

"Breki hiyo?" akauliza. "Imepona?"

"Imepona, mama. Nimeshuka nayo."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, ndoo isimwagike, akapita. Jina aliloniita sikumsahihisha. Nikaendelea kusukuma, maana juu kulikuwa na mtu anayesubiri kwenda zahanati.